Papasi wa Shimo, Papasi wa Nyumba

Kisimba alikuwa mwoga, wala hakuona haya. Wenzake wa kambi ya hospitali pale Kamina walimcheka kwa jinsi alivyokung'uta viatu kabla ya kuvivaa na kukipapasa kiti kabla ya kukikalia. Aliwajibu kwa methali ile ile kila siku: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hapo walizidi kucheka, maana waliijua kazi yake. Mtu huyu aliyeogopa kiti ndiye aliyelipwa kwenda porini, kulala kifudifudi mbele ya shimo la ngiri na kuingiza mkono gizani.

Alichokitafuta humo ni papasi. Ni kupe wa udongoni, wa rangi ya vumbi, bapa kama ganda la karanga akiwa na njaa, mviringo akishashiba. Katika nyumba za zamani za udongo hukaa kwenye nyufa za ukuta na za sakafu, karibu na mafiga. Giza likiingia hutoka, hunyonya damu ya aliyelala, kisha hurudi kwenye ufa wake kabla mtu hajageuka ubavu. Watu wa Kamina humwita kimputu, wakiwa wengi bimputu. Baadhi ya papasi hao wana homa tumboni mwao, na homa hiyo ina ukorofi wake: inakuja kwa moto, inaondoka, mtu anamshukuru Mungu na kuomba bukari, ugali wa kwao, halafu inarudi. Ikimpata mwenye mimba, mara nyingi haimwachii mtoto.

Kisimba mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo, kijijini, njia ya kwenda Kabongo, safari ya asubuhi nzima kwa baiskeli. Mama yake, Mama Kyabu, hakuwachukia bimputu wake. Aliwaheshimu kama mtu anavyomheshimu mkwe mwenye hasira. Katika ukoo wao mtoto mchanga alilazwa sakafuni, karibu na mafiga, ili nyumba imjue. Alipata homa ndogo angali ananyonya, akapona, na tangu siku hiyo papasi wa nyumba ile hawakumfanya kitu tena. Aliyesafiri alibeba kibuyu kidogo chenye majivu na papasi wachache wa kwao, akawaachia wamuume mara moja moja, damu yake isije ikasahau.

Usicheke. Amédée, kaka yake Kisimba, alicheka. Alikwenda kwenye migodi ya shaba, akakitupa kibuyu kupitia dirisha la treni, akakaa huko miaka mingi. Alirudi amenenepa, ana kofia na gramafoni, akalala kwa furaha kwenye mkeka wa mama yake. Homa ilimchukua kabla rafiki zake hawajachoka kuisikiliza ile gramafoni.

Hilo ndilo lililomtesa Kisimba maisha yake yote. Mama yake hakuwa mjinga. Angekuwa mjinga, mambo yangekuwa mepesi.

Kisimba alifyatua matofali miaka mingi kwa ajili ya nyumba za reli. Vita vya Wazungu vilipokuwa vinakwisha akamwoa Biuma, binti wa Mpoyi, karani wa stesheni, watu wa Kasai. Mama Kyabu alimtazama bibi harusi kutoka kichwani mpaka miguuni, akasikia Kiluba chake cha Kasai ambacho nusu alikielewa na nusu hakukielewa, akaguna.

"Minyi sina na shida na Bakasai," alisema. "Zamani tulikuwa bantu ya mama moja. Lakini damu yake haijue nyumba yangu. Siku atapata mimba, utamuleta hapa, tutamujulisha."

Biuma alipata mimba, na Kisimba, mtoto mtiifu, alimpeleka. Biuma alilala kwenye mkeka wa mama mkwe, Mama Kyabu akaimba polepole, papasi wakafanya kazi yao. Haukupita muda mrefu, Biuma akawaka moto. Homa ikaondoka, ikarudi, ikaondoka, ikarudi, na mtoto wa kiume akazaliwa kabla ya wakati, hana sauti. Mama Kyabu alimwosha kwa mikono yake mwenyewe, akamzika nyuma ya nyumba. Hakulia mbele za watu.

"Tulichelewa," alisema tu. "Tumbo lilikuwa limekuwa kubwa. Mara ingine tutamujulisha mbele, tumbo likiwa bado dogo."

Mara nyingine! Neno hilo lilimwingia Kisimba kifuani na halikutoka. Kila alipomwona mkewe akicheka, alilisikia. Ndipo alipoacha matofali na kuomba kazi hospitalini, maana alisikia kuna Daktari mgeni, Mbelgiji mfupi asiyependa kelele, anayetafuta mtu wa kumkusanyia papasi. Wengine wote walikuwa wamekataa. Kisimba alikubali kwa sababu alitaka kumjua adui yake, na kwa sababu hofu ikizidi sana humsukuma mtu kuelekea kile kile anachokiogopa.

Alifundishwa kuchota udongo wa ndani ya shimo kwa kijiko chenye mpini mrefu, kuumwaga juu ya shuka jeupe juani, kisha kungoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Papasi akiguswa hujifanya amekufa, ukamdhania punje ya udongo, na anayeondoka mapema hurudi nyumbani na mgeni kwenye pindo la suruali. Mara moja ngiri alichomoka mkono wa Kisimba ukiwa bado shimoni, akampita begani kwa kishindo, na Kisimba akalala pale chini akisali sala zote alizofundishwa na mapadri, pamoja na ile ya kubariki chakula.

Wa nyumbani aliwachota kwenye nyufa za nyumba zilizoachwa. Ukiwaweka kiganjani, huyu wa shimo na yule wa nyumba, huoni tofauti. Kisimba hakuiona. Lakini Daktari alikuwa na chupa zake. Papasi wa nyumba aliwaweka kwenye chupa kavu yenye mchanga, nao wakakaa miezi hawali, hawanywi, wazima kabisa. Wa shimo akiwaweka humo, walikauka na kufa asipowapa pamba yenye maji. Na alipowaweka pamoja dume wa huku na jike wa kule, walipitana kama majirani waliogombana. Mayai waliyotaga baadaye hayakutoa kitu.

"Zamani mama yao ilikuwa moja," Daktari alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuokota. "Bamoja baliingia mu nyumba ya bantu. Kule iko kukavu, iko moto, iko damu ya muntu. Bengine balibakia mu shimo, kule iko baridi na maji, damu ya ngiri. Mu nyumba, mwenye hakuweza ukavu alikufa, mwenye aliweza alizala. Mu shimo pia vile, na mambo ya shimo. Bazazi na batoto, bazazi na batoto, miaka mingi sana. Leo habaoane tena. Hakuna muntu alijenga ukuta kati yao, Kisimba. Ni fasi ya kukaa tu, na chakula."

Kisimba aliuliza swali lililomleta kwenye kazi ile. "Na ile ya shimo, Bwana, iko na homa ya bantu?"

Daktari alivua miwani, akaifuta. "Nazani hapana."

"Unazani?"

"Nazani," alisema Daktari, mtu mkweli, akaivaa tena miwani yake.

Jioni ile Kisimba alimweleza mkewe habari za chupa. Kisha akasema jambo lililokuwa likimla moyo: na sisi je? Watu wa Kasai na watu wa hapa, mama mmoja, mafiga tofauti. Labda ndiyo maana yule mtoto hakukaa. Biuma alikuwa anakoroga bukari. Aliuinua mwiko, Kisimba akadhani utamshukia.

"Shiye hatuko bimputu!" alisema. "Weye unanilinganisha na kintu ya mu ufa? Mutoto alikuwa muzima, alikuwa anapiga teke. Homa njo ilimuua. Kula."

Kisimba alikula. Lakini hofu mbili hazitoshi ndani ya tumbo moja, na tangu hapo alibeba zote mbili: hofu ya homa, na hofu kwamba labda mama yake alisema kweli kuhusu damu.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza kupiga mabati ya kambi, Biuma akawa mjamzito tena. Habari haikukaa. Kabla Kisimba hajaamua la kufanya, mama yake alikuwa ameshatuma salamu kwa mtu wa baiskeli: mleteni sasa, mapema.

Kukataa? Wewe unayesoma ungekataa, najua, maana si mama yako. Mwanamke asiyejulishwa, mtoto wake hakuwa wa nyumba ile. Hangepewa jina la ukoo, wala bibi yake hangemwita kwa jina hilo. Kisimba aliijua homa, lakini alimjua na Mama Kyabu, aliyekwisha kuzika mume, Amédée, na mjukuu, na aliyebakiwa na yeye tu. Alituma jibu kwamba Biuma hawezi kupanda baiskeli wala kamyo ya mizigo, daktari amekataza. Mama aje mjini na kibuyu chake.

Mama Kyabu akaja kwa kamyo ya mihogo, kibuyu kifuani ndani ya kikwembe chake cha kitenge, kama mtu aliyebeba kifaranga.

Alipokwenda kuoga vumbi la njia nyuma ya nyumba, Kisimba alikuwa tayari. Maji yalichemka juu ya mbabula, jiko la makaa. Biuma, aliyejua kila kitu, alisimama mlangoni akiangalia ua. Kisimba alikimimina kibuyu ndani ya sufuria, akakigonga kitako, akakitikisa, akakigonga tena. Akachungulia ndani. Shingo ya kibuyu ilikuwa nyembamba, ndani giza na majivu, na kitu kile kazi yake ni kujishika na kujifanya udongo. Aliingiza kijiti, akakizungusha. Nyuma ya nyumba maji yalikuwa yanamwagika bado, kisha yakanyamaza.

"Anamaliza," Biuma alinong'ona.

Kisimba akamwaga ndani ya kibuyu papasi wa shimo aliowaweka kwenye pamba mbichi, akatia majivu juu, akakiziba. Majivu mengine yakamwagika mezani, akayafuta kwa kiwiko.

Walifunika dirisha kwa blanketi, ingawa jua lilikuwa la saa sita. Biuma akalala kwenye mkeka. Mama Kyabu akapiga magoti, akamgusa tumbo kwa upole ambao Kisimba hakuutegemea, akasema na nyumba yake iliyokuwa mbali, "Angalieni, huyu njo mutoto yenu. Mumujue, mumuache." Kisha akawamwaga papasi kwenye paja la mkwewe.

Hawakuuma. Walizunguka, wakasimama, wakazunguka tena.

"Leo biko na haya," alisema Mama Kyabu, akasogeza uso karibu. "Juu ya nini biko na haya?"

Kisimba alilishika blanketi la dirishani lisifunuke. Kama mama yake angeuliza swali jingine moja tu, angesema yote. Lakini njaa ni njaa. Mmoja alishika, na mwingine, na baada ya muda wote wakatulia na kuanza kujaa. Kwa desturi yao, papasi waliokunywa damu ya mke walikuwa mali yake. Mama Kyabu aliwaokota akamwachia Biuma, akabeba kibuyu kitupu, akapanda kamyo ya jioni, ameridhika.

Sasa sikiliza alilofanya Kisimba, maana hapa ndipo hofu ilipompata sawasawa. Aliwatia wale papasi kwenye chupa kavu yenye mchanga, bila pamba, akaiweka juu ya kabati. Wa shimo watakauka na kufa. Kama kuna wa nyumba aliyejishika kwenye shingo ya kibuyu, ataishi. Kila asubuhi aliishusha chupa na kupuliza ndani yake, kwa sababu papasi mzima akisikia pumzi ya mtu huinua miguu.

Walikufa. Mmoja, halafu wengine, wakawa wepesi na wakakunjamana. Kisimba alianza kupiga mluzi akienda kazini. Kisha ikafika asubuhi ambayo alipuliza, na kutoka chini ya mchanga mmoja akainua miguu.

Akapuliza tena. Akainua tena.

Hakumwambia Biuma. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, naye aliijua methali hiyo lakini mdomo haukufunguka. Badala yake alianza kumwekea mkewe kiganja kwenye paji la uso, alfajiri, mchana, akitoka kazini. Mwanzoni Biuma alidhani ni mapenzi. Baadaye aliupiga mkono huo na kuusukuma. Siku moja Kisimba alimgusa akakuta joto kali, akatoka mbio bila viatu mpaka kwa Daktari, akalia mbele yake kama mtoto na kusema yote. Daktari hakugombeza. Alisema siku hizi kuna sindano mpya ya homa hiyo, akaagiza Biuma aletwe, akamchoma kidole, akaiangalia damu kwenye darubini yake muda mrefu, Kisimba amesimama nyuma yake. Hakukuwa na kitu. Alipoguswa, Biuma alikuwa ameinama juu ya mbabula akichoma samaki, basi.

Biuma alimgombeza sana mumewe siku hiyo, kwa lugha zote mbili. Lakini baada ya hapo, kila asubuhi, mwenyewe alimletea paji lake alishike.

Homa haikuja. Labda papasi yule hakuwa na homa tumboni. Labda alikuwa wa shimo mwenye roho ngumu. Kisimba hakujua, na mpaka anazeeka hakujua. Kiangazi kilipoingia, nyasi zimekauka na upepo wa asubuhi unauma, Biuma alijifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha kambi nzima. Kisimba alimshika, akamtazama kucha, masikio, nyayo. Damu ya Kasai na damu ya Kamina zilikuwa zimepatana kabisa, na zilikuwa zinadai maziwa.

Kitovu kilipodondoka, salamu zikafika kutoka kijijini. "Biuma sasa iko muntu ya nyumba. Mumulete na mutoto balale kwangu. Natandika mukeka karibu na mafiga."

Uongo wa Kisimba ulikuwa umeufungua mlango ule aliotaka kuufunga. Biuma hakujulishwa kitu. Damu yake ilikuwa ngeni kama siku ya kwanza, na ya mtoto ngeni zaidi. Kisimba alipanda baiskeli peke yake, akafunga shuka lake la kazi nyuma, akaweka chupa mfukoni. Njia nzima aliomba pancha.

Mama Kyabu alimkuta uani, akaangalia nyuma yake, hakuona mtu. Kisimba hakukaa. Alisimama akasema: alichemsha bimputu wa mama, akaweka wa ngiri. Akatoa chupa, akaeleza wa shimo na wa nyumba, na kwamba nyumba hii inawajua waliozaliwa ndani yake tu, na mwanamke mgeni mwenye mimba inamuulia mtoto. Alisema haraka, macho chini, akingoja laana.

Laana haikuja. Kuku mmoja alipita katikati yao, mama yake akamfuata kwa macho.

"Kumbe ile mutoto ya kwanza," alisema mwishowe. "Ilikuwa minyi?"

Kisimba alitaka kusema hapana. Akaangalia nyuma ya nyumba, alikozikwa mtoto.

"Panda kinga yako," mama yake alisema, akimwonyesha baiskeli. "Enda."

Akaenda. Hakujua kama amempoteza mama au amemponya mtoto. Alipofika penye kona ya mihogo aligeuka kuangalia mara ya mwisho, akaona moshi. Haukuwa moshi wa jikoni. Ulikuwa mnene, wa manjano, na chini yake ndimi za moto kwenye paa la nyumba aliyozaliwa. Aliitupa baiskeli njiani akakimbia, akipiga kelele jina ambalo mtoto hamwiti mama yake, "Kyabu! Kyabu!", maana alijua, alikuwa na hakika, kwamba amejifungia ndani.

Mama Kyabu alikuwa amesimama uani, kijinga cha moto mkononi. Hakuwa ametoa kitu. Si mkeka, si kiti cha marehemu mumewe, si gramafoni ya Amédée. Majirani walikuwa wanapiga cheche kwa matawi mabichi ili zisirukie paa zao, wengine wakisema kikongwe amepata wazimu.

"Utanijengea ingine," alimwambia mwanawe, sauti ikiwa imekwaruzwa na moshi. "Ya matofali yako. Sasa nipeleke kwa mutoto."

Kisimba alimtazama mama yake: kitambaa cha kichwani, kikwembe cha zamani, pindo zake nene, mahali pa papasi kujishika. Aliona haya kusema. Mama yake akaona macho ya mwanawe yalikokuwa, akaelewa. Bila neno alikwenda nyuma ya ugo na Germaine, jirani yake, akaoga, akakitupa kikwembe chake motoni. Germaine akatoa chake kingine kutoka nyumbani mwake amwazime, nyumba ya udongo kama ile iliyokuwa inaungua. Akampa Kisimba kwanza.

Kisimba alilitandika shuka jeupe juani, mahali pasipo na upepo, akakikung'uta kikwembe juu yake. Vumbi likaanguka, na punje za udongo. Akapiga magoti, akainama, akapuliza polepole, akangoja.

"Kisimba," mama yake aliita nyuma ya ugo, uchi na mzee na baridi ya kiangazi juu yake. "Nikuye sasa, nivale?"

"Bado kidogo, mama," alisema, na macho yake hayakutoka kwenye shuka.